Nguo Zimeanikwa Kwenye Kiota cha Majambazi

Mwezi uliopita kurasa hizi za familia zilikuwa za bustani na mboga. Mwezi huu tunaomba ruhusa tuzungumze habari ya picha moja tu.

Ukipita maktaba, usikimbilie vitabu. Angalia ukutani, upande wa kushoto ukiingia, pale palipokuwa na ratiba ya zamani ya darasa la ushonaji. Kuna picha kubwa isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe basi, imebanwa kwa misumari minne midogo. Imetumwa na kijana wetu mmoja aliyepata kuhamia Marekani pamoja na wazazi wake, ambaye siku hizi anaishi New York. Alimtumia rafiki yake wa hapa aliyesoma naye, na huyo rafiki akaona ni uchoyo kuiweka nyumbani, tena nyumba yenyewe inavuja. Ndivyo ilivyofika maktaba.

Siku ya kwanza watu walipita tu. Siku ya pili wakaanza kusimama. Wengine walisema ni picha chafu, kwa nini huyu kijana asingetuma yale magorofa marefu yenye taa, au daraja, au hata theluji? Baba mmoja alikasirika kabisa: "Uchafu tumeuona wa kutosha hapa, sasa tunaletewa na wa Amerika!" Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wake. Nilibadili mawazo polepole, na waliobadilisha mawazo yangu ni watu wawili wa hapa hapa kambini, koko mmoja na baba mmoja mpiga picha.

Kwa wale ambao hawajafika maktaba, picha yenyewe ni hii. Inaonyesha kichochoro. Kulia na kushoto nyumba zimebanana, zina ngazi zinazoshuka mpaka nje. Kwenye ngazi hizo na chini yake wamesimama wanaume, wengi wamevaa zile kofia nyeusi za mviringo za wazungu wa zamani, na wanatutazama. Kulia, karibu kabisa nasi, wako wawili wamesimama kama walinzi wa mlango. Mmoja ameshika kitu kirefu kama fimbo. Kushoto mwingine ameegemea ngazi kama mtu aliyeko kwake, na yuko anayechungulia dirishani. Ukipeleka macho ndani zaidi, mwisho wa kichochoro, unaona kamba zimevutwa kutoka nyumba hii mpaka ile, na juu yake nguo zimeanikwa, nyingi, nyeupe.

Chini ya picha limechapwa jina lake: Bandits' Roost, 59½ Mulberry Street, 1888. Roost ni pale kuku wanapolala usiku. Kwa hiyo tuseme Kiota cha Majambazi. Hata ile namba ya nyumba ina habari yake. Nyumba namba 59 ilikuwa barabarani, lakini waliokaa nyuma yake, kule kichochoroni, walipewa nusu. Wenzetu ambao nyumba zao zimejengwa katikati ya namba mbili, na kila siku ya kuhesabiwa wanaulizwa "Wewe uko wapi hasa?", wataelewa bila maelezo.

Sasa yule koko. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mtu wa Baraka, alikuja kumtafuta mjukuu wake aliyejificha maktaba akikwepa kuchota maji. Kijana mmoja akamsomea jina la picha na kumfafanulia. Koko akasogea, akatazama kwa muda mrefu, akauliza: "Majambazi gani benye banafula manguo hivi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaanza kufikiri. Nilikuwa nimeitazama ile picha siku tatu. Nilikuwa nimeona kofia, fimbo, na kuta chafu. Nguo sikuziona! Yaani macho yalizipita. Jina lilikuwa limeniambia nitafute majambazi, na mimi nikatii, nikatafuta majambazi. Koko, ambaye hajui kusoma, alianza na picha. Jina alilisikia baadaye, na likamshinda kuliingiza pale.

Nguo nyeupe hazijifui zenyewe. Katika kichochoro kile maji hayakuwa ya kufungulia bomba chumbani. Mtu alibeba ndoo kwenye ngazi zile, akafua, akakamua, akavuta kamba juu ambako jua linafika. Huyo mtu hayumo kwenye picha, au pengine ndiye yule wa dirishani. Lakini kazi yake imejaza nusu ya picha.

Baba mpiga picha ni mtu mnayemfahamu wengi. Alikuwa na studio Uvira kabla ya vita ya 1996, studio ya filamu, si hizi za simu, na filamu zake alizisafisha mwenyewe katika chumba cha giza. Nilimwomba aje tuitazame pamoja. Alikuja na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaketi kwenye benchi, akanyamaza karibu dakika kumi. Nilifikiri amesinzia. Kisha akaniuliza: "Wapi kuna mwanga?"

Nikasema mwanga uko kila mahali, ilikuwa mchana. Akasema, "Hapana, tazama vizuri." Na kweli, ukitazama, kichochoro kina giza kwa sababu nyumba zimekizibia jua. Watu wa mbele wana nguo nyeusi, kofia nyeusi, na nyuma yao vivuli. Mwanga unaongezeka kadiri unavyokwenda nyuma, mpaka kufika kwenye zile nguo na kipande kidogo cha anga. Akanieleza kwamba picha ikiwa na rangi, jicho linavutwa na rangi kwanza, kitambaa chekundu kitakushika hata kama hakina maana yoyote. Katika picha isiyo na rangi jicho halina pa kudanganyika, linafuata giza na mwanga. Hapa giza liko mlangoni, mwanga uko ndani. Kwa hiyo ili uufikie mwanga ni lazima upite katikati ya hao wanaume, huku wanakutazama.

Swali la pili: "Mpiga picha alisimama wapi?" Alisimama katikati kabisa ya njia, akatega kamera hadharani. Kamera yake haikuwa ya mkononi kama simu. Lilikuwa sanduku, na ndani yake kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Watu walikuona unakuja nalo. Na ukitaka picha isiwe na ukungu, walitakiwa watulie. "Angalia hao wa mbele," akasema mzee, "nyuso zao zinaonekana vizuri. Maana yake walitulia. Walikubali, au walau walichagua wasimame vipi. Jambazi anayefukuzwa na polisi hakusimamii hivyo." Kisha akaongeza, maana ni mtu wa haki: "Labda wawili watatu walikuwa majambazi kweli. Kwani hapa kwetu hawapo?"

Basi nani aliipiga? Hapa nilisaidiwa na yule kijana wa New York, niliyemwandikia, na vitabu viwili vya maktaba, na nawaletea niliyopata.

Picha inahesabiwa kuwa ya Jacob Riis. Wataalamu wanaona kwamba huenda aliyeshika kamera siku hiyo alikuwa mmoja wa marafiki zake waliopenda upigaji picha, Richard Hoe Lawrence au Henry Piffard, waliokuwa wakifuatana naye. Lakini safari ilikuwa ya Riis, na ni yeye aliyeizungusha picha hiyo mpaka ikajulikana.

Riis mwenyewe alikuwa mhamiaji. Alizaliwa mwaka 1849 katika mji mdogo wa Ribe, Denmark, akajifunza useremala. Mwaka 1870 alipanda meli kwenda Marekani, kijana wa miaka 21. Kilichomkuta ni kile kinachowakuta wengi: kazi ya leo ipo, ya kesho haipo, njaa, kulala milangoni mwa watu. Kulikuwa na vyumba katika vituo vya polisi ambako wasio na pa kulala waliruhusiwa kulala juu ya mbao tupu. Alilala huko pia. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1901, alisimulia kwamba usiku mmoja aliibiwa kitu chake cha ukumbusho humo ndani, akalalamika, akafukuzwa nje, na polisi akakiua kijibwa kilichokuwa kimemfuata na kumsubiri mlangoni. Hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1896 vyumba vile vilifungwa na Theodore Roosevelt, aliyekuwa mkuu wa bodi ya polisi ya mji na rafiki wa Riis, na ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi.

Mwaka 1877 alipata kazi ya mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la New York Tribune. Ofisi ilikuwa mtaa huo huo wa Mulberry, mkabala na makao makuu ya polisi. Kila usiku aliyaona yanayotokea katika nyumba za kupanga, ambako familia za Waitaliano, Waayalandi, Wayahudi, Wachina na wengineo walirundikana katika vyumba visivyo na dirisha. Mji ulikuwa na watu kama milioni moja na nusu mwaka 1890, na wengi wao hawakuwahi kutia mguu katika mitaa ile. Riis aliandika, wasomaji wakasoma, wakageuza ukurasa. Aliona maneno hayatoshi.

Ndipo mwaka 1887 akasoma gazetini kwamba Ujerumani wamegundua unga wa magnesi unaowaka ghafla na kutoa mwanga wa kupiga picha gizani. Akaanza kuingia na wenzake usiku katika vyumba na vichochoro. Mwanzoni waliuwasha ule unga kwa chombo kama bastola. Watu walishtuka, wengine wakatoroka kwa madirisha. Baadaye akawa anauwasha juu ya kikaango! Alikiri kwamba aliwahi kuchoma nyumba mara mbili na kujichoma mwenyewe mara moja. Mara moja ilikuwa katika chumba cha watu wasioona, moto ukashika makaratasi ukutani, na yeye pekee ndiye aliyekuwa anauona. Aliuzima mwenyewe. Sisi tunaoishi chini ya nyasi na maturubai tunajua maana ya moto, kwa hiyo sitasema zaidi. Picha yetu lakini ni ya mchana, haikuhitaji kikaango.

Mwaka 1888 alianza kuzionyesha picha hizo ukutani kwa taa maalumu, makanisani na katika kumbi, huku akieleza. Mwaka 1890 alitoa kitabu, How the Other Half Lives, yaani jinsi nusu nyingine inavyoishi. Baadhi ya picha zilichapwa kama zilivyo na nyingine zilichorwa upya kwa mkono, kwa kuwa mitambo ya wakati huo ilikuwa bado inajifunza kuchapa picha. Kitabu kilisomwa sana. Matajiri walishtuka.

Hapa nitasema jambo ambalo si wote watalipenda. Riis aliwatetea watu hawa, na aliwasema vibaya pia. Katika kitabu hicho kila kabila lina aibu yake: Mwitaliano yuko hivi, Myahudi yuko vile, na Wachina ndio aliowapiga zaidi. Mtu aliyelala njaa kama wao, mgeni kama wao, aliposhika kalamu aliandika kana kwamba anatazama zizi. Sisemi alikuwa mbaya. Nasema alikuwa na haraka ya kuwashtua wale wa upande wa pili, na jina kama Kiota cha Majambazi linashtua upesi kuliko "Watu wa Nyuma ya Namba 59". Hatuna jina hata la mmoja wa watu wale waliotulia ili picha ipigwe.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya mama yangu mzazi, na kwa ruhusa yake nalisimulia.

Miaka mingi iliyopita, sisi bado wadogo, alikuja mgeni mwenye kamera siku ya mgao. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, ameweka mkono shavuni. Mgeni akapiga, akatabasamu, akaenda. Baada ya mwaka hivi, mtu mmoja akatuletea kalenda kutoka mjini. Mwezi wa saba alikuwa mama! Tulifurahi sana, watoto tulikimbia nayo kijiji kizima kuonyesha watu. Halafu kaka, aliyekuwa akijifunza Kiingereza, akasoma maneno ya chini. Yalisema kwamba mwanamke huyu amepoteza kila kitu na hana tena matumaini.

Mama akauliza wamesema nini. Kaka akajaribu kukwepa, lakini mama hakwepeki. Alipoambiwa, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nilikuwa nasubiri mafuta. Unga nilishapata. Nilikuwa nahesabu kama mafuta yatafika Ijumaa." Kalenda hakuitupa. Alikata maneno kwa wembe, akabaki na picha. Ipo mpaka leo ndani ya nailoni pamoja na kadi na vyeti, na ukiitazama bila yale maneno, ni kweli kabisa: ni mama anayepiga hesabu.

Nikiwa mbele ya ukuta wa maktaba, nilifanya alichofanya mama. Nilikunja kipande cha karatasi, nikaziba jina, nikatazama upya. Jaribuni na nyinyi. Yule wa kulia mwenye kofia si mlinzi wa majambazi tena, ni mtu anayejiuliza hawa wageni wanataka nini. Yule wa ngazini amechoka, labda ametoka kazi ya usiku. Wenzetu waliokulia mjini, Buyenzi kule Bujumbura, au Kadutu pale Bukavu ambako nyumba zimepandana mlimani, wanaijua namna hiyo ya kusimama. Mgeni akiingia kichochoroni kwenu, wanaume hutoka nje wakasimama. Hawapigani naye. Wanasimama tu, ili ajue kwamba kuna wenyewe.

Na uchafu? Upo, hatukatai. Kuta zimetoka madoa, mbao zimechakaa. Yule baba aliyekasirika hakukosea kuuona. Ila picha isiyo na rangi ina ukarimu mmoja ambao baba mpiga picha alinionyesha: inautendea uchafu na usafi sawasawa. Doa la ukutani na shuka iliyofuliwa vinapimwa kwa kipimo kimoja, mwanga kiasi gani. Haikwambii uhurumie. Ukitaka kuhurumia, au kuogopa, ni wewe umeleta, au aliyeandika jina.

Watoto wa darasa la sita wameniuliza swali zuri: baadaye ikawaje? Riis alipigana miaka mingi ili mtaa ule ubomolewe, na ukabomolewa kweli katikati ya miaka ya 1890. Mahali pake pakafanywa bustani ya watu wote kupumzika, iliyofunguliwa mwaka 1897. Riis hakualikwa kwenye sherehe, alikwenda akasimama katika umati. Tangu mwaka 1911 bustani inaitwa Columbus Park. Kijana wetu ameshafika. Anasema sasa mtaa ni wa Wachina, na wazee wao huketi humo kutwa wakicheza karata na sataranji ya kwao, wengine wanapiga vinanda vya nyuzi. Waitaliano wamekwishahama zamani. Alitafuta namba 59½, hakuna.

Bustani ni kitu kizuri, watoto walipata pa kuchezea. Lakini waliokuwa wanakaa kichochoroni siku ile ya kubomoa walikwenda wapi? Walibeba magodoro na masufuria, hilo tunaweza kulijua bila kuambiwa, wakatafuta chumba kingine pengine. Sisi tunaosoma gazeti hili tumehamishwa zaidi ya mara moja, tukiambiwa mahali papya ni bora. Mara nyingine palikuwa bora. Kilichotukera ni kwamba walikuwa wameshaamua ndipo wakaja kutuuliza.

Picha nayo nusura ipotee. Riis alifariki mwaka 1914, na vile vioo vyake vikabaki vimesahauliwa darini katika nyumba ya familia, zaidi ya mia nne. Aliyevitafuta kwa bidii katika miaka ya 1940 alikuwa mpiga picha mwingine, Alexander Alland. Huyu alizaliwa Sevastopol, Crimea, mwaka 1902, akakimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Urusi akiwa kijana, akaishi Constantinople, mji ambao leo ni Istanbul, akijitafutia riziki kwa kamera, na mwaka 1923 akafika Marekani. Yaani mkimbizi. Alisoma kitabu cha Riis, akajiuliza picha zenyewe ziko wapi, akamsumbua mtoto wa Riis mpaka zikapatikana. Akavichukua vile vioo, akavisafisha, akachapa picha upya, kubwa na za wazi kuliko zilivyowahi kuonekana. Mwaka 1947 zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la mji wa New York, na huko ndiko zilikohifadhiwa. Nguo nyeupe ambazo koko alizionyesha kwa kidole tunaziona vizuri kwa sababu ya mikono ya Alland katika chumba cha giza.

Nilipomweleza baba mpiga picha habari hiyo alitikisa kichwa. Aliacha filamu zake zote Uvira, mabunda ya harusi na ubatizo wa watu, chini ya kitanda. Hajui kama kuna mtu aliyeingia dari hiyo.

Mhudumu wa maktaba amefanya jambo dogo ambalo limetufurahisha. Amebandika karatasi nyeupe juu ya lile jina, na kalamu imefungwa kwa kamba pembeni. Kila anayetaka anaandika jina lake la picha. Mpaka tunaandika makala hii yalikuwepo kumi na manne. Kuna aliyeandika "Mtaa wa Nusu". Kuna "Mnatafuta nani?" Mtoto mmoja ameandika "Kofia Kumi", ingawa ukihesabu hazifiki, au zinazidi, tumebishana sana. Yule baba aliyekasirika amerudi mara mbili, na safari ya pili aliandika "Kadutu", basi, neno moja.

Koko naye alirudi. Alimwambia mjukuu wake aandike na akasimamia mpaka herufi ya mwisho: "Mupishe njia, tutoshe manguo, mvula inakuya."

Picha itakaa ukutani mpaka mwisho wa mwezi ujao. Maktaba iko wazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, ila siku za mgao inafungwa saa sita. Wenye picha zao za zamani zisizo na rangi, hata zilizokunjika, wazilete tuzitazame pamoja. Hatutazichukua, na chini yake tutaandika yale tu mtakayotuambia wenyewe.